Aliyeitika Ukunguni

Farasi alikuwa na adabu kumshinda mwenye farasi. Hilo Selloane alilikubali kabla hawajafika hata nusu ya mlima, maana farasi alipanda kimya na Mwalimu Tlali hakufunga mdomo hata mara moja. Alitangulia mbele ameshika hatamu, blanketi limebanwa begani kwa pini kubwa, akicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla ya kuvimaliza.

“Dada, hiyo simu unavyoiinua-inua, unaiombea mvua?”

“Natafuta mtandao, mwalimu.”

“Mtandao!” Tlali alisimama, akamshika farasi shingo. “Umesikia, babu? Anatafuta mtandao. Dada yangu, mtandao tumeuacha kule chini darajani. Huku ukimtaka mtu unapaza sauti. Na ukungu ukishuka, hata hiyo sauti unaimeza.”

“Kwa nini?”

“Wenyeji wa huku wana mambo yao,” alisema, akaanza kisa cha kondoo aliyetafuna kofia ya padri.

Selloane hakucheka. Alikuwa amechoka, makalio yanamwaka moto kwa kukaa juu ya tandiko, na mkobani mwake alikuwa na kishikwambi cha ofisi ya mitihani ambacho alikibeba kama yai. Shule nyingine zote zilikuwa zimeandikisha watoto wao wa darasa la saba kwa mtandao. Ha Phallang, kijiji walichokuwa wakikiendea, hawakuwa nao, kwa hiyo ilibidi mtu apande, ampige kila mtoto picha, amwandike jina, kisha ateremke navyo mpaka mahali penye mawimbi. Akishateremka, ndiyo basi tena, orodha imefungwa. Mtoto asiyekuwemo hafanyi mtihani, na huko mlimani asiyefanya mtihani anajulikana anakoishia: wa kiume anachunga, wa kike anaolewa.

Shule yenyewe ilikuwa ya mawe, imeezekwa bati, na juu ya bati wamepanga mawe mengine ili upepo usiondoke nalo. Ndani jiko la chuma lilikuwa linafuka moshi wa samadi kavu. Watoto walisimama wote kwa mpigo, wamejitanda mablanketi, wakamwamkia mgeni kwa wimbo.

“Ntja!” Tlali aliita. “Mpe mgeni kiti. Matlakala! Koleza moto, mgeni wetu anageuka barafu.”

Selloane alimgeukia. “Umewaitaje?”

“Si ndiyo majina yao hayo.”

“Mbwa? Na Takataka?”

“Aa, dada, usijifanye umeshuka na ndege. Unajua vizuri sana.”

Alijua. Msotho gani asiyejua? Mama akizika mtoto, yule anayefuata hupewa jina baya, ili kifo kikipita mlangoni na kusikia anaitwa Mbwa, anaitwa Takataka, kione hapana cha maana cha kuchukua hapo, kiende zake. Alijua, ila hakuwahi kukubaliana na jambo hilo. Yeye mwenyewe aliitwa Selloane, yaani Kilio, kwa sababu alizaliwa wiki waliyomzika baba yake, na shuleni wenzake walikuwa wakimwona tu wanajifuta machozi ya uongo. Tangu hapo majina ya namna hiyo yalimchoma. Mtoto amekosa nini mpaka umbebeshe msiba wako?

Matlakala alikuwa binti mwembamba, mabuti ya mpira yamemzidi miguu, macho hayatulii. Alipomaliza kukoleza moto hakurudi kukaa. Alisimama pembeni ya mkoba wa mgeni.

“Mama, hiyo mashine bila mtandao inajua nini?”

“Yale niliyoiwekea tu.”

“Basi ni kama sisi,” alisema Matlakala, na darasa zima likaangua kicheko, Selloane akiwemo.

“Huyo ndiye,” Tlali alimnong'oneza. “Hesabu ananikosoa mimi mwalimu wake, tena mbele ya watu, hana haya. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Huyu asipofanya mtihani, mimi naacha ualimu nikachunge kondoo.”

Jioni ile Selloane alikwenda kumwona bibi yake mtoto. Baba wa Matlakala alikuwa migodini ng'ambo ya mpaka, mama yake alikuwa kwenye viwanda vya nguo Maseru, na mtoto alilelewa na bibi huyo mzaa baba, ambaye kijiji kizima kilimwita Nkhono 'Mathuso. Nkhono ndiyo bibi kwa lugha yao. Alikuwa kikongwe mrefu, amenyooka, anakoroga uji mchachu kwenye chungu na hamtazami anayezungumza naye.

“Nkhono, mashine yangu inataka jina la ubatizo la mjukuu wako.”

“Anaitwa Matlakala.”

“Hilo la nyumbani. Misheni wamenipa majina ya watoto wote, nalo jina lake limo humu. Nilitaka tu nilisikie kwako.”

“Kama umeliona, macho yako yanatosha. Usilitie mdomoni.”

“Sasa nimwiteje?”

“We mtoto, una masikio? Anaitwa Matlakala. Mwandike hivyo au usimwandike.”

“Haikubali, Nkhono! Jina lisipofanana na la ubatizo inakataa. Na nisipomwandika hafanyi mtihani!”

“Asifanye.” Kikongwe aliendelea kukoroga. “Mtu haliwi na mtihani. Kuna vinavyomla mtu.”

Selloane alitoka pale ameuma meno. Alipomkuta Tlali nje anamvua farasi tandiko, hasira zilimmwagikia yeye.

“Kesho mtoto yule ataitwa jina lake. Mbele za wenzake, kwa heshima, alisikie lilivyo zuri. Mojabeng! Jina kama hilo unalificha, unamwita mtu Takataka?”

Safari hii Tlali hakutania. Alitazama nyuma kama mtu anayeangalia nani amesikia.

“Dada, punguza sauti. Mimi si wa hapa, hawaniambii kila kitu. Ila nimekaa hapa miaka, na jina hilo leo ndiyo nalisikia. Hata mama yake akija Krismasi halitaji. Mimi ningekuwa wewe, ningeliacha lilale.”

“Wewe ni mwalimu kweli?”

“Mwalimu, ndiyo. Shujaa sikusema,” alijibu, akaingia na tandiko lake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Ulikaa dirishani kama shuka, ukuta wa uwanja hauonekani, choo hakionekani, na kengele za kondoo zikisikika hujui ziko upande gani. Tlali alisema wakichelewa watakwama, akatoka kwenda kumtafuta farasi. Selloane akaanza kazi peke yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, hata akajipongeza. Alimwita kila mtoto jina la ubatizo, na kila aliyeitwa alitazama chini kwa aibu ya furaha. Ntja alikuwa Molupe. Alilirudia mwenyewe polepole, Molupe, Molupe, kama anajaribu koti jipya, na wenzake wakamzomea kwa upendo. Picha ikapigwa. Mwingine. Mwingine tena. Mwisho likabaki jina moja.

Selloane alitazama mabenchi. Pa Matlakala palikuwa patupu.

“Mwenzenu yuko wapi?”

“Ametoka kuchukua samadi ya moto, mama,” alisema Ntja.

Basi Selloane akaona hapo hapo ndipo pa kufanya lile aliloahidi. Alikwenda mlangoni akaufungua mlango wote. Akavuta pumzi, akaita kama bibi yake mwenyewe alivyomfundisha kuitana milimani, sauti ndefu inayopanda mwishoni, inayovuka bonde na kurudi.

“Mojabeng ee!”

Nyuma yake benchi lilianguka. “Mama, usi...” ilikuwa sauti ya Ntja, haikumaliza. Selloane aliwapungia mkono wanyamaze.

“Mojabeng eee!”

“Abee, mama!”

Sauti ilitoka juu, upande wa mazizi. Sauti nyembamba ya mtoto wa kike, na ilijaa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza Selloane. Alisema moyoni, ona sasa, ona mtoto anavyofurahi kuitwa jina lake.

“Njoo, mwanangu! Fanya haraka, tunakungoja wewe tu!”

“Nakuja!” Ilikuwa imesogea. Safari hii ilikuwa karibu na ukuta.

“Njoo, mlango uko wazi! Nafasi yako ipo!”

“Mama.”

Hiyo ya mwisho haikutoka nje. Ilitoka nyuma yake. Selloane aligeuka. Matlakala alikuwa amechuchumaa kando ya jiko na kikapu cha samadi miguuni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, na mikono yake yote miwili alikuwa ameibana kifuani.

“Mama, mimi nipo hapa,” alisema.

Selloane alitazama nje tena. Alitaka kuufunga mlango, mkono ukagoma, Mungu ni shahidi, mkono ulikuwa wake na ukagoma. Kisha baridi ikaingia. Si upepo, ukungu haukutikisika. Iliingia chini chini kama maji yanavyoingia nyumbani, ikapita miguuni pake, ikaelekea kwenye mabenchi. Alipotazama kizingiti aliona theluji. Kidogo tu, ya kujaza kiganja, imekanyagwa. Na majira yale theluji ilikuwa bado haijaanguka popote.

Matlakala aliinuka, akaenda kukaa mahali pake. Kisha akafanya kitu ambacho Selloane angetoa chochote asikione. Alijisogeza. Alisogea mpaka ukingoni mwa benchi, kama unavyompisha mwenzako aliyechelewa, akabaki pale anatetemeka.

Tlali aliingia mbio bila farasi. “Nani ameita? Nani ameita jina kwenye ukungu?”

Watoto wote walimtazama Selloane.

“Nilidhani ni yeye,” alisema Selloane. “Ameniitikia, mwalimu. Nilidhani ni yeye.”

“Nimesikia. Nilikuwa huko juu, dada. Amenipita.” Midomo ya Tlali ilikuwa imepauka. “Sikuona mtu. Amenipita tu.”

Walipomshika Matlakala alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, kucha zimeingia ubuluu. Meno yalikuwa yanagongana kiasi kwamba hakuweza kutamka neno. Tlali alimbeba mgongoni, Selloane akamfunika kwa koti lake, wakashika njia kwenda kwa Nkhono wakipapasa ukuta kwa mikono, na njia nzima Selloane alijikaza asitazame nyuma, kwa sababu alikuwa anasikia mabuti ya mpira. Matlakala alikuwa mgongoni kwa mwalimu. Mabuti yake yalikuwa hewani.

Nkhono 'Mathuso alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza. Alimpokea mtoto, akamlaza karibu na moto, akamvua mabuti, akaanza kumsugua miguu. Ndipo akamtazama Selloane kwa mara ya kwanza.

“Umemwita.”

“Nkhono, nisamehe, mimi sikujua...”

“Nilikwambia usilitie mdomoni. Nilikwambia kwa Kisotho, si kwa lugha nyingine. Ulimwambiaje alipoitika?”

Selloane alishindwa kumtazama. “Nilimwambia aje. Nilimwambia nafasi yake ipo.”

“Yesu wangu,” alisema Tlali, akakaa chini.

“Ni nani?” Selloane aliuliza. Alikuwa analia sasa, hakujali. “Nkhono, niambie nimemwita nani.”

“Dada yake,” alisema kikongwe. “Dada yake huyu, aliyekufa kabla huyu hajazaliwa. Mojabeng lilikuwa jina la mama wa mume wangu, na katika ukoo wetu haliachwi likafa. Alipokufa yule, aliyemfuata ilibidi alirithi. Basi nilimpa padri aliandike, maana wazee wangeninung'unikia. Lakini kumwita hilo nilikataa. Nikamwita Matlakala, nikawaambia wote, atakayetaja lile asikanyage kwangu.”

Matlakala alifungua macho. Kutetemeka kulikuwa kumekoma, na huko ndiko kulikotisha. Alimtazama bibi yake kama mtu anayemtafuta mtu kwenye umati, kisha midomo yake iliyokauka ikatamka, kwa ile ile sauti nyembamba ya mlimani:

“Mbona hamkuniita?”

Nkhono aliacha kusugua. Uso wake ulibomoka. Selloane alikuwa ameona watu wakilia, ila hakuwahi kuona uso wa mtu mzima ukibomoka namna ile.

“Theluji ilianza asubuhi,” alisema kikongwe, na hakuwa akisema na Selloane. “Ulikwenda kuwafuata kondoo, hukurudi. Giza likaanza kuingia. Baba yako alisimama hapo mlangoni akafungua kinywa akuite, nami nikakiziba kwa mkono wangu huu. Nilimwambia hivi, ukiita jina kwenye ukungu na theluji hujui masikio gani yatasikia. Ndivyo nilivyolelewa na mimi. Tukapuliza pembe. Tukapiga madebe. Tukapiga miluzi mpaka midomo ikapasuka.” Alimeza mate. “Pembe haielezi inatoka upande gani. Jina lako ungelifuata. Ulikuwa umekaa nyuma ya zizi, mwanangu. Hapo tu. Ulikuwa umegeukia nyumbani, unangoja kuitwa.”

Tlali alikuwa ameinamisha kichwa.

“Watu wanadhani naogopa atakuja,” Nkhono alimwambia Selloane. “Angekuja, ningempokea. Nilichoogopa ni swali hilo.”

“Sasa tufanye nini?” Selloane alimshika mtoto mkono, ukamchoma kwa baridi. “Huyu anakwenda, Nkhono! Mimi ndiye niliyeita. Acha nitoke nimwambie nimekosea, nimwambie arudi.”

“Arudi wapi? Umemwita mtoto aje, halafu umwambie rudi kwenye theluji? Mara ya pili?” Nkhono aliinuka, magoti yakalia. “Na wewe hakujui. Alikuitikia kwa adabu tu. Anayemngoja ni mimi.”

Alifungua sanduku, akatoa blanketi lake la ndoa, lile la sufu nzito analovaa kwenye mazishi na harusi tu. Akajitanda, akalibana kwa pini. Kisha akamwinamia Matlakala, akamwekea kiganja shavuni.

“Takataka yangu,” alisema. “Takataka yangu we. Kaa hapa hapa, usitoke, hata nikichelewa.”

“Nkhono, utapotea kwenye ukungu huo,” alisema Tlali, akimzuia mlangoni. “Huoni hata mkono wako.”

“Nitapoteaje na mtu ananiitikia? Nipishe, mwalimu.”

Alimpisha. Ungefanyaje? Kikongwe alisimama kizingitini, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Mara mbili alifungua kinywa pasitoke kitu. Mara ya tatu ikatoka, si sauti ya mzee hata kidogo, ni sauti ya mwanamke mwenye nyumba anayewaita watoto wake jioni.

“Mojabeng ee!”

“Abee, Nkhono!”

Ilikuwa pale pale uani. Selloane alimkumbatia Matlakala, akafumba macho.

“Njoo kwangu, mwanangu. Usiingie humo, ndani kuna mgonjwa. Njoo tukae wote wawili.”

Akatoka. Walisikia hatua zake juu ya changarawe, na pembeni yake mabuti madogo. Aliita tena, yule akaitika. Akaita kutoka mbali kidogo, akaitikiwa. Kila walivyopanda kwenda mazizini sauti zilizidi kufifia, na katika kufifia huko zilianza kufanana, mpaka Selloane hakuweza kusema yupi anaita na yupi anaitika. Baadaye kidogo alisikia kicheko, au alidhani amesikia. Tlali alisema hakukisikia.

Mkono aliokuwa ameushika uliingia uvuguvugu. Ulianza vidoleni. Matlakala alikohoa, akajikunyata, akaomba uji kwa sauti yake mwenyewe, na alipopewa akaunywa wote na kuuliza bibi amekwenda wapi.

“Amekwenda mara moja,” alisema Tlali. Uongo ulimtoka vibaya, na mtoto yule hakuwa mtu wa kudanganywa. Alikiweka kibakuli chini, akakaa anautazama mlango.

Wanaume wa kijiji walikusanyika kwenye ukuta wa ua wakasimama. Mmoja alikuwa na pembe. Walitazamana, wakamtazama mwenye pembe, naye hakuipuliza. Selloane alishindwa kuvumilia, akatoka akapaza sauti yake ya kimlima hata ikakwaruza.

“Nkhono 'Mathuso ee!”

Hapakuwa na jibu.

Asubuhi iliyofuata mbingu zilikuwa nyeupe pe, hakuna hata uzi wa ukungu. Hawakuhitaji kutafuta. Nkhono alikuwa nyuma ya zizi, hapo tu, ameegemea ukuta, amegeukia nyumbani. Umande ulikuwa umemgandia nyusi. Blanketi hakulivaa. Alikuwa amelikunja magotini na kulizungushia mikono, kama mama anavyomfunika mtoto mkubwa aliyesinzia mapajani, na upande wa juu, mahali pa shingo ya mtoto, pini ilikuwa imefungwa. Ndani ya blanketi hapakuwa na kitu. Mwanaume aliyejaribu kuifungua ile pini ili wamnyooshe mikono aliiacha, akarudi nyuma, akavua kofia. Wakamzika hivyo hivyo.

Selloane alibaki mpaka mazishi. Baba wa Matlakala alipanda kutoka migodini, mama akapanda kutoka Maseru, wakamnyoa mtoto nywele kama inavyofanywa kwa wafiwa. Hakuna aliyemtupia Selloane neno baya, na kila asiyelitupa alimuumiza zaidi. Alifunga mkoba. Tlali alikuwa amesimama na farasi.

Matlakala alikuja peke yake, kichwa kinang'aa, blanketi jeusi begani.

“Mama, mimi hujanipiga picha.”

Selloane aliuweka mkoba chini. “Bado unataka?”

“Nkhono alikataza nisiitwe lile jina. Mtihani hakunikataza kwa ubaya.” Alijipangusa pua kwa blanketi. “Nisipoandikwa leo si ndiyo basi?”

“Ndiyo basi.”

“Kwa hiyo?”

Selloane alitoa kishikwambi. Jina la mwisho lilikuwa bado linangoja pale, limewekewa alama nyekundu, na pembeni yake nafasi tupu ya picha. Alikigeuza kidogo ili mtoto asilione, kisha akaona upumbavu wake, akakigeuza tena.

“Mwanangu, hili ni jina lako. Ni la mama wa babu yako. Sasa wazazi wako wapo, ukitaka nitawauliza, na ukilitaka hakuna wa kukuzuia tena. Ni jina zuri.”

“Najua ni zuri.” Matlakala alilisoma bila kulitamka, midomo imefungwa. “Ila hilo ni lake. Yeye na Nkhono wameondoka nalo.”

“Mimi nataka uwe na jina la watu, Matlakala. Utakwenda sekondari. Kule chini watakucheka, nakwambia ukweli, watakucheka kila siku. Mimi nimepita huko.”

“Wacheke.” Kidevu kilianza kumtetemeka, akakikaza. “Lile zuri hakuna aliyeniita nalo hata siku moja. Hili Nkhono aliniita kutwa nzima. Matlakala amka, Matlakala kula, Matlakala baridi hiyo vaa buti. Sasa ukiliondoa, yeye alikuwa anamwita nani?”

Selloane alijua taratibu za ofisi yake. Alijua pia kwamba mtoto asiye na jina la misheni huandikwa lile analojulikana nalo shuleni, na kwamba kutoka pale mpaka darajani hapakuwa na mawimbi ya kumpelekea mtu yeyote habari za kilichofutwa. Alibonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, maana likifutwa halirudi. Akabonyeza tena, jina likatoka, akaandika Matlakala.

“Simama pale penye mwanga,” alisema. “Tazama hapa, Matlakala.”

“Abee,” alisema mtoto, akainua uso.